Misingi ya Ekonomia ya Marx: Namna ya Kuisoma na Kuipima



Katika inchi yetu jina la Karl Marx linajulikana na watu wengi, lakini mafundisho yake yanajulikana na wachache. Wengine wakilisikia hukunja uso, kwa maana wameambiwa kwamba Marx ni adui wa Mungu, basi. Wengine, zaidi vijana wa chuo kikuu, hulitaja kana kwamba jina peke yake linatosha kumaliza mabishano yote. Watu hao wa namna mbili wanafanana katika jambo moja: kitabu chenyewe hawakukifungua.

Jambo hili si dogo kwetu sisi. Padri wa Lubumbashi, wa Likasi ao wa Kolwezi anaishi kati ya watu wanaouza kazi ya mikono yao kila siku. Siku moja mkristu atamwuliza: «Padri, kompani inapata mali nyingi, na mshahara wangu unatosha ugali tu. Je, huu si wizi?» Padri akijibu «ndiyo» bila kujua sababu, anaweza kuwasha moto asioweza kuuzima. Akijibu «hapana, uvumilie tu» bila kupima, anaweza kubariki zuluma kwa mkono ule ule unaotoa sakramenti. Kwa hiyo ni lazima tujue kupima. Na mtu hawezi kupima kitu asichokijua.

Hapa hatutaeleza mafundisho yote ya Marx. Tutaacha kando maneno yake juu ya dini na juu ya mwendo wa historia. Tutatafuta tu misingi ya ekonomia yake: samani ya vitu inatoka wapi, faida inatoka wapi, na mfanyakazi alipataje kuwa mfanyakazi. Kisha tutaona mahali gani mafundisho hayo yanatusaidia, na mahali gani yanapungukiwa.

I. MTU NA KITABU

Karl Marx alizaliwa Trier, katika Ujerumani, tarehe 5 Mei 1818. Alisoma sheria na filozofia. Kwa sababu ya maandiko yake alifukuzwa katika inchi mbalimbali, na mwaka 1849 alifika London. Humo alikaa hata kufa kwake, tarehe 14 Machi 1883. Maisha yake London yalikuwa ya umaskini mwingi. Rafiki yake Friedrich Engels, aliyefanya kazi katika kompani ya pamba ya jamaa yake kule Manchester, alimsaidia kwa feza miaka mingi.

Kitabu chake kikubwa kinaitwa «Kapitali». Buku la kwanza lilitoka Hamburg mwaka 1867. Buku la pili na la tatu Marx hakuyamaliza. Engels aliyapanga kutoka katika karatasi zake, na yakatoka mwaka 1885 na 1894. Sisi tunaosoma Kifaransa tunayo bahati: tafsiri ya Joseph Roy ya buku la kwanza ilitoka vipande vipande tangu 1872 hata 1875, na Marx mwenyewe aliitazama na kuisahihisha.

Tushike jambo moja tangu mwanzo. Fundisho la kwamba kazi ndiyo kipimo cha samani halikuanza na Marx. Adam Smith alikwisha kulisema kwa namna yake mwaka 1776, na David Ricardo alilieleza zaidi mwaka 1817. Hawa wawili walikuwa watu wa Uingereza wenye kupenda biashara. Hawakuwa maadui wa mali ya mtu binafsi. Marx alichukua chombo chao, akakitumia mpaka mwisho, akafika mahali ambapo wao hawakutaka kufika.

II. SAMANI INATOKA WAPI?

Mfratri aliyesoma filozofia ataona kwamba mlango wa kuingia katika «Kapitali» anaufahamu tayari. Aristotele, katika kitabu cha tano cha Maadili, anajiuliza namna gani vitanda vinaweza kubadilishwa kwa nyumba. Anaona kwamba hakuna kubadilishana pasipo usawa, na hakuna usawa pasipo kipimo kimoja. Lakini kitanda na nyumba ni vitu mbalimbali kabisa! Kipimo kimoja ni kipi basi? Aristotele anataja mahitaji ya watu na feza, lakini anakiri kwamba kwa kweli vitu vilivyo mbalimbali hivi haviwezi kuwa na kipimo kimoja hasa.

Marx anamsifu Aristotele kwa ulizo hili, kisha anaeleza kwa nini hakupata jibu. Mji wa Wagiriki ulisimama juu ya utumwa. Mtu aliyezoea kuona kazi ya mtumwa na kazi ya mtu huru kama vitu viwili visivyolingana hawezi kuona kwamba kazi ya watu wote ina asili moja. Kwa Marx, kitu kimoja kilichofichwa ndani ya kitanda na ndani ya nyumba ni hiki: kazi ya mtu.

Tueleze polepole. Kila kitu kinachouzwa kina pande mbili. Upande wa kwanza ni faida yake kwa mwenye kukitumia: mkate unashibisha, jembe linalima. Marx anauita samani ya matumizi. Upande wa pili ni nguvu ya kitu hicho kubadilishwa kwa vitu vingine: jembe moja kwa mikate kadha. Huo anauita samani ya kubadilishana. Hewa ina samani kubwa ya matumizi, kwa kuwa bila hewa tunakufa. Lakini sokoni haiuzwi. Mboga mtu aliyolima kwa kulisha watoto wake ina kazi ndani yake, lakini si kitu cha biashara.

Sasa, kipimo cha samani ya kubadilishana ni muda wa kazi. Je, fundi mvivu anayeshona kanzu kwa siku 4 anafanya kanzu ya bei kali kuliko fundi hodari anayeimaliza kwa siku moja? Hapana. Marx hasemi juu ya muda wa fundi huyu ao yule. Anasema juu ya muda unaohitajiwa kwa kawaida, katika inchi na wakati fulani, kwa vyombo na ufundi wa kawaida. Mashini mpya ikifika na kupunguza muda huo kwa nusu, samani ya kanzu inashuka, hata kwa fundi anayeendelea kushona kwa mkono. Anafanya kazi ile ile ya jana, lakini anapata nusu.

Hapa Marx anatia fundisho ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulisoma kwa macho mawili. Neno «fetishi» lilitoka kwa Wareno waliofika pwani ya Afrika ya Magaribi. Wazungu walilitumia kwa kuwacheka babu zetu: mtu anachonga kitu kwa mkono wake mwenyewe, kisha anakiogopa. Marx anawarudishia neno hilo Wazungu wa fabrika na masoko. Anasema: ninyi pia mmefanya vitu kwa mikono yenu, na sasa vinawatawala. Mnasema «bei imepanda», «soko limeanguka», kana kwamba bei na soko ni pepo zenye nia yake. Lakini nyuma ya bei kuna watu, na kazi yao, na mapatano yao. Anayesahau hayo anaabudu fetishi.

III. FEZA INAYOTAFUTA FEZA

Mama analeta mihogo sokoni. Anaiuza, anapata franka, ananunua chumvi na sabuni, anarudi nyumbani. Mwendo wake ni huu: kitu, kisha feza, kisha kitu kingine. Feza imepita tu katikati kama mtumbwi wa kuvusha mto. Akipata chumvi, safari imekwisha.

Mwenye kapitali anaanza upande mwingine. Ana feza, ananunua vitu, anauza, anapata feza tena. Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayetoa franka 1.000 ili apate franka 1.000. Anataka 1.100. Na akipata 1.100 anaitupa tena sokoni ili apate zaidi. Safari ya mama ina mwisho, kwa maana njaa na mahitaji yana kipimo. Safari hii ya pili haina mwisho, kwa maana hesabu haina mwisho. Feza inayokwenda kwa mwendo huu wa pili ndiyo Marx anayoiita kapitali.

Aristotele alijua tofauti hii. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa anatenga utunzaji wa nyumba, wenye kipimo, na utafutaji wa mali usio na kipimo. Marx mwenyewe anataja mahali hapo. Mtakatifu Toma naye, katika Summa, anafundisha kwamba faida ya biashara si mbaya kwa yenyewe, kama inaelekezwa kwa shabaha njema: kulisha jamaa, kusaidia maskini, kuhudumia inchi. Tukumbuke fundisho hilo, tutalihitaji mbele.

IV. FAIDA INATOKA WAPI?

Hii ndiyo fumbo kubwa la kitabu. Je, faida inatoka katika udanganyifu? Mfanyabiashara mmoja anaweza kumdanganya mwingine, lakini alichopata mmoja amekipoteza mwingine. Kwa inchi nzima hakuna kilichoongezeka. Basi Marx anajitia kamba yeye mwenyewe. Anasema: tukubali kwamba kila kitu kinauzwa na kununuliwa kwa samani yake halisi, bila wizi hata kidogo. Hata hivyo mwishoni kuna ziada. Imetoka wapi?

Jibu lake: sokoni kuna kitu kimoja cha ajabu, ambacho kukitumia ni kuzaa samani mpya. Kitu hicho ni nguvu ya kazi ya mtu. Tuangalie vema: mfanyakazi hauzi kazi, anauza nguvu yake ya kufanya kazi kwa muda fulani. Na samani ya nguvu hii inapimwa kama vitu vingine: ni samani ya chakula, nguo, nyumba na malezi ya watoto, yaani vitu vinavyohitajiwa ili mtu huyu arudi kazini kesho, na mtoto wake achukue nafasi yake baadaye. Marx anaongeza kwamba kipimo hiki si cha tumbo tu; kinategemea pia desturi na ustaarabu wa kila inchi.

Tuchukue mfano wa fabrika ya mikate, kwa hesabu nyepesi tulizozitunga. Tuseme kila saa ya kazi inazaa samani mpya ya franka 25. Tuseme tena kwamba mfanyakazi anahitaji franka 100 kwa siku ili yeye na jamaa yake waishi. Huo ndio mshahara wake. Katika kila saa anatumia unga, kuni na kuchakaa kwa tanuru kwa franka 75.

Akifanya kazi masaa 4 tu: unga na vingine vimekula franka 300, kazi yake imeongeza franka 100. Mikate ina samani ya franka 400. Mwenye fabrika ametoa 300 kwa unga na 100 kwa mshahara, jumla 400. Hakupata kitu.

Lakini mkataba ni wa masaa 8. Unga na vingine vinakula franka 600, kazi imeongeza franka 200. Mikate ina samani ya franka 800. Mwenye fabrika ametoa 600 na 100, jumla 700. Amebaki na franka 100.

Nani ameibiwa sokoni? Hakuna. Unga ulilipwa sawasawa, mikate iliuzwa sawasawa, mshahara ulilipwa kama mlivyopatana. Lakini katika masaa 8, mfanyakazi amejifanyia kazi masaa 4, na masaa 4 mengine amefanya kazi bila malipo. Franka zile 100 Marx anaziita samani ya ziada. Kutoka humo, asema yeye, zinatoka faida ya mwenye fabrika, riba ya banki na kodi ya mwenye kiwanja.

Unga, kuni na tanuru Marx anaviita kapitali isiyobadilika, kwa sababu vinahamisha tu samani yao katika mkate, pasipo kuiongeza. Mshahara anauita kapitali yenye kubadilika, kwa sababu 100 iliyotolewa imerudi 200. Kipimo cha kunyonywa ni ziada kwa mshahara: 100 kwa 100. Kipimo cha faida ni ziada kwa garama zote: 100 kwa 700, yaani karibu 14 kwa mia. Mwenye fabrika huhesabu hiki cha pili. Mfanyakazi husikia kile cha kwanza mgongoni mwake.

V. NJIA MBILI ZA KUONGEZA ZIADA

Njia ya kwanza ni kurefusha siku ya kazi. Masaa 8 yakiwa 10, mshahara ukibaki 100, ziada inapanda toka 100 hata 150. Sura ndefu ya «Kapitali» juu ya siku ya kazi inaeleza mapigano hayo katika Uingereza. Marx hakutunga habari zake. Alizichota katika raporo za wakaguzi wa fabrika waliotumwa na serikali yenyewe. Humo tunaona watoto waliofanya kazi usiku, na ginsi sheria ya mwaka 1847 ilivyoweka mwisho wa masaa 10 kwa wanawake na vijana, baada ya mabishano ya miaka mingi. Hata msomaji asiyekubali fundisho la samani anapaswa kusoma sura hii.

Njia ya pili haigusi saa. Inapunguza samani ya vitu ambavyo mfanyakazi anahitaji. Kama mashini na ufundi mpya vinashusha bei ya chakula na nguo, mshahara wa kuishi unaweza kushuka toka 100 hata 75. Mfanyakazi anakula kama jana, lakini sasa anajifanyia kazi masaa 3, na masaa 5 ni ya mwenye fabrika.

Toka hapo linakuja fundisho lingine. Wenye kapitali wanashindana kununua mashini, na sehemu ya garama inayokwenda kwa mashini inakua kuliko sehemu ya mishahara. Kama garama za unga na mashini zimefika 1.900, mshahara ni 100 na ziada ni 100, faida ni 100 kwa 2.000, yaani 5 kwa mia tu. Marx aliona hapa mwelekeo wa faida kushuka na chanzo cha mashaka makubwa ya biashara. Lakini yeye mwenyewe alitaja pia sababu zinazozuia kushuka huku.

VI. MFANYAKAZI ALIPATAJE KUWA MFANYAKAZI?

Mtu mwenye shamba na jembe haendi kuuza nguvu yake kwa mwingine pasipo lazima. Basi lazima ilitoka wapi? Marx anajibu katika sehemu ya mwisho ya buku la kwanza. Katika Uingereza wakulima walifukuzwa katika mashamba ya pamoja, mashamba yakazungushiwa ua na kutiwa kondoo. Kisha sheria kali zikawapiga kama wazururaji. Alitaja pia utumwa wa Waafrika na kunyang'anywa kwa inchi za mbali. Huo anauita mkusanyo wa kwanza wa kapitali.

Katanga haikuwa na ua wa kondoo, lakini lazima ilifika kwa njia nyingine. Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Watu wa vijiji walikuwa na mashamba yao, na wengi hawakutamani kushuka katika mashimo ya shaba. Tangu mwaka 1910 kodi ya kichwa iliagizwa kwa feza; na feza ilipatikana wapi? Kwa Mzungu. Mwaka ule ule liliundwa shirika la kuandika wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, lililotuma watu mpaka vijiji vya mbali. Kwa hiyo mtu aliyesaini mkataba alikuwa huru kwa karatasi, lakini kodi ilikuwa imesimama nyuma yake.

Baadaye, kwa miaka ya 1920, kompani iliona kwamba kubadilisha watu kila mara ni hasara. Ikaanza kuwaleta pamoja na wake na watoto, kujenga kambi, kutoa posho, kufungua masomo na hospitali. Watu wengi walifaidika kweli, tusikane. Lakini aliyesoma sehemu ya nne hapo juu ataona pia hesabu yake: kuzaa upya nguvu ya kazi, na kulea wana watakaochukua nafasi ya baba. Wakati wa vita, Desemba 1941, bei za vitu zilipopanda, wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mshahara. Tarehe 9 Desemba 1941, Élisabethville, askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Mtu anayesema mapigano juu ya mshahara yaliletwa kwetu na vitabu vya Warusi, ajiulize ni kitabu gani watu hao walikuwa wamesoma.

VII. TUPIME

Kwanza, tuseme mazuri. Marx ametufundisha kuuliza: nani anafanya kazi, nani ana vyombo, nani anagawanya matunda? Amevunja uongo wa kwamba mkataba ukisainiwa haki imekwisha kutimizwa. Katika jambo hilo Papa Leo XIII, ijapokuwa alikataa usosialisti, alifundisha jambo la karibu katika «Rerum Novarum» mwaka 1891: juu ya mapatano ya hiari kuna haki ya asili, na mshahara usipungue mahitaji ya mfanyakazi mwema. Papa Yoane Paulo II, katika «Laborem Exercens» ya mwaka 1981, aliweka kazi mbele ya kapitali, kwa maana vyombo vyote ni matunda ya kazi ya watu. Na Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kwamba alichagua jina lake zaidi kwa ajili ya Leo XIII na ensiklika ile.

Pili, tuseme mapungufu ya ekonomia yenyewe. Tangu mwaka 1871 wataalamu wengine, kama Jevons na Menger, walifundisha kwamba samani inatoka pia katika haja ya mnunuzi na katika uchache wa kitu. Kweli, muda wa kazi peke yake hauelezi bei ya kiwanja katikati ya mji, wala ya jiwe la almasi lililookotwa njiani. Marx mwenyewe alikubali katika buku la tatu kwamba bei za soko haziendi sawasawa na samani za kazi, akatafuta njia ya kuunganisha mambo hayo mawili. Böhm-Bawerk wa Austria, mwaka 1896, aliandika kwamba njia hiyo haipitiki, na mabishano hayajakwisha. Tena, kazi ya kupanga, kubuni na kujitia hatarini kwa mali yake, mwenye fabrika mwema anaifanya kweli, na haipaswi kusahauliwa katika hesabu.

Tatu, dawa aliyoitoa. Wafuasi wake walisema: tuondoe mali ya wenye kapitali, tuipe serikali. Umoja wa Kisovyeti ulijaribu, ukavunjika Desemba 1991, baada ya kuua watu wake wengi kwa njaa na vifungo. Tusiende mbali. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu, ambayo haikuwa ya Marx hata kidogo, ilichukua mali ya Union Minière katika Kongo, ikaunda kompani ya serikali, Gécamines ya baadaye. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400.000 kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika tani 50.000. Mishahara ilikoma kulipwa kwa miezi mingi, na tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kazini kwa mpango uliosaidiwa na feza za Banki ya Dunia. Mwenye mali alibadilika jina, na mchimbaji alibaki mahali pale pale. Basi ulizo la nani anashika ziada haliishi kwa kuandika neno «serikali» juu ya mlango.

Nne, kuna hatari kwa roho. Papa Pio XI, mwaka 1937, alihukumu komunisimu isiyokubali Mungu, na mwaka 1984 Roma ilionya wanateolojia wasichukue uchambuzi wa Marx bila kuupima, kwa maana mara nyingi unaleta pamoja nao chuki ya tabaka kama sheria ya maisha. Mwenye fabrika pia ni mtu wa parokia yetu. Tunaweza kumkemea, hatuwezi kumfuta katika hesabu ya wana wa Mungu.

VIII. ZULUMA TATU ZISICHANGANYWE

Sasa turudi kwa ulizo la mkristu wetu. Naona kwamba faida kubwa ya masomo haya kwa mchungaji ni kujua kutenga mambo matatu.

La kwanza ni wizi wa mizani. Mchimbaji wa mkono wa Kolwezi, anayechimba kobalti kwa nyundo na mtalimbo, hauzi nguvu yake ya kazi kwa mshahara, anauza mawe. Mnunuzi ndiye anayeshika mizani, na ndiye anayeshika mashini ya kupima kiasi cha metali ndani ya jiwe. Akipunguza kilo, akishusha kipimo, huo ni wizi wa zamani, ambao manabii walikwisha kuukemea. Hakuna haja ya Marx hapa. Dawa yake ni mizani ya watu wasio wa upande wa mnunuzi, na chama cha wachimbaji kinachojua bei ya soko.

La pili ni mshahara uliozuiliwa: mkataba unasema franka kadha, mwisho wa mwezi hazionekani. Hii nayo ni zambi inayojulikana, inayolia mbinguni. Dawa yake ni sheria, tribinali na sendika.

La tatu ni lile ambalo Marx alilionyesha: mizani ni sawa, mshahara umelipwa, sheria imeheshimiwa, na hata hivyo mgawanyo wa matunda hauna haki, kwa sababu mmoja alifika mezani akiwa na njaa na mwingine akiwa ameshiba. Hapa hakuna mwizi mmoja wa kumkamata. Yoane Paulo II alizungumza juu ya mwajiri asiyekuwa wa moja kwa moja: serikali, sheria za biashara kati ya mataifa, makompani makubwa yanayoamua bei toka mbali. Dawa yake ni ndefu: sheria njema, mapatano ya pamoja, wafanyakazi kupewa sehemu katika faida na katika maamuzi.

Anayechanganya la kwanza na la tatu atamwita kila mwenye duka mwizi. Anayejua la kwanza tu atasema kwamba, ikiwa mizani ni sawa, Mungu amerizika. Wote wawili watawapoteza watu wao.

IX. NAMNA YA KUSOMA

Msianze kwa ukurasa wa kwanza wa «Kapitali» mkaanguka njiani. Fuateni mpango huu:

1. «Travail salarié et capital», maandiko mafupi ya mwaka 1849, kisha «Salaire, prix et profit», hotuba ya mwaka 1865. Yaliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi.
2. Katika «Kapitali», sura juu ya siku ya kazi, kisha sehemu ya mwisho juu ya mkusanyo wa kwanza. Ni historia, inaeleweka upesi.
3. Halafu sura ya kwanza juu ya kitu cha biashara, pamoja na Aristotele mkononi. Someni polepole, wawili wawili.
4. «Rerum Novarum» na «Laborem Exercens», kwa kulinganisha.
5. Mwisho, kaeni na mfanyakazi mmoja wa parokia, mwandike naye hesabu ya mwezi wake: masaa, mshahara, nyumba, chakula, masomo ya watoto. Msimwambie neno la Marx. Sikilizeni.

Maulizo kwa mikutano ya mafratri:
— Katika mfano wa fabrika ya mikate, kama mwenye fabrika anafanya kazi mwenyewe masaa 8 pamoja na mfanyakazi wake, hesabu inabadilika namna gani?
— Mtakatifu Toma angesema nini juu ya feza isiyo na mwisho wa safari?
— Katika parokia yetu, zuluma ipi kati ya zile tatu inaonekana zaidi? Sisi wenyewe tunawalipa namna gani mpishi, mlinzi na mwashi wa misioni?

Ulizo hili la mwisho lisirukwe. Makatekista wanajua jibu lake kuliko sisi mapadri, na ni vema waanze wao kusema.